Kioo cha Kukinga Upepo

Kaka yangu alifika Rodi Kopany na gari lililofunuliwa paa, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na bado anatabasamu. Mimi nilikuwa nimelala chini ya lori la miwa, natafuta waya wa taa ya nyuma uliotafunwa na panya. Nilichoona kwanza ni viatu vyake. Vilikuwa vyeupe. Mtu anayekuja kwetu na viatu vyeupe nina shida naye kabla hajafungua mdomo.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Nina banda la mabati kando ya barabara, nina meza, nina testa, na nina pikipiki ya kunipeleka nyumbani. Kaka ni kifungua mimba wa mama yetu na mimi ni kitinda mimba. Dada zetu wawili wa katikati wameolewa mbali. Yeye anakaa Nairobi na anauza viwanja vya watu wengine, vingine huko Migori karibu na mpaka, na kazi hiyo imemfundisha kuongea kama mtu anayekufungulia mlango wa nyumba ambayo bado haijajengwa.

Mama alikuwa amelazwa Homa Bay, wiki ya tatu. Maji yalikuwa yamemjaa kwenye mapafu. Mwanzoni daktari alituita akasema yale maneno yao ya kuzunguka, kwamba tumuombee na tujiandae kwa lolote. Jumapili iliyofuata nilienda nyumbani Lambwe, nikashika panga, nikafyeka ndizi zilizokuwa kando ya nyumba ya mama, nikang'oa visiki na kusawazisha udongo. Nilijiambia nitapanda kunde. Nitarudi kwa hilo.

Lakini mama hakufa. Alianza na uji, akaenda kwa ugali kidogo, na siku mbili kabla ya kaka kuja nilimkuta ameketi kitandani anachambua miba ya samaki, anamlalamikia muuguzi kwamba chumvi hakuna. Kwa hiyo nilipoona gari la kaka nilifikiri amekuja kumwona mama. Nikatoka chini ya lori, nikajipangusa mikono, nikamsalimu vizuri.

"Omera, ndugu yangu," akaniambia, "nina kazi yako. Safi kabisa. Utafurahia."

Akanitolea kitu kipana kilichofungwa karatasi ya kahawia, na fremu ya chuma, na mfuko wa nyaya.

Nieleze kilikuwa kitu gani, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimekiona kwa simu tu. Ukiendesha gari lisilo na paa, upepo haukupigi usoni peke yake. Unapita juu, unazunguka, unarudi kwa nyuma na kukupiga kisogoni. Kwa hiyo wenye magari hayo huweka kioo nyuma ya viti vya mbele, kimesimama kama ubao wa kichwani mwa kitanda, upepo ukirudi ugonge hapo. Cha kaka kilikuwa cha plastiki ngumu, na kwenye ukingo wake wa chini kulikuwa na utepe wa taa ndogondogo za kuwaka kijani, zambarau, nyekundu, rangi yoyote, unazibadilisha kwa simu. Fremu yake ilikalia viti vya nyuma ikavifunika kabisa. Ukishaifunga, gari la watu wanne linakuwa la watu wawili.

Nikamuuliza, huku kwetu upepo ni shida ya nani?

"Si upepo," akasema. "Ni mwonekano."

Mama yuko wadi, na mtu ameendesha gari kutoka Nairobi, akapinda mpaka Migori, akaja Rodi, amepita barabara ya Homa Bay akaiacha, kwa sababu ya mwonekano. Lakini yeye ni mkubwa wangu, na kwetu mdogo hamfokei mkubwa barabarani mbele ya wauza mitumba. Nikasema sawa. Akaniomba jambo moja tu, nisitoe ile karatasi ya kahawia. Nimalize kazi, yeye ataitoa mwenyewe siku ikifika. Nikadhani anaogopa mikwaruzo.

Nikaanza kazi, na kazi yenyewe ilinitia kinyaa. Nilitoa kiti cha dereva. Chini yake kulikuwa na mifupa ya kuku, tishu zilizotumika, chingamu zilizogandamana na zulia, na shungi la nywele bandia lililokuwa limekusanya vumbi la kaunti tatu. Chini ya zulia kulikuwa na maziwa yaliyomwagika zamani yakaganda kuwa ukoko wa njano, na ukoko ule ulipopata joto la mchana ulianza kunuka kama mtoto aliyecheua. Nje, gari limepakwa nta mpaka unajiona meno. Ndani ndiko huko. Nikafunga kitambaa puani, nikakwangua kwa bisibisi, na kaka ameketi kwenye kiti changu cha plastiki ananiambia nisichafue ngozi ya viti.

Sikutaka kuiba umeme kwenye waya wa redio, kama wanavyofanya mafundi wa haraka, halafu mtu anapiga muziki na taa zinakonyeza. Nilitafuta waya unaopata umeme ufunguo ukigeuzwa, nikauwekea fyuzi yake peke yake, nikapitisha nyaya chini ya zulia mpaka katikati ya viti. Nikatafuta chuma kitupu cha bodi, nikakwangua rangi, nikakaza waya wa hasi kwa skrubu. Maungio yote niliyachomelea kwa risasi na kuyavalisha mpira. Swichi nikaificha kando ya breki ya mkono. Ilinichukua saa nne. Naomba nisamehewe kwa kusema kwamba ilikuwa kazi nzuri, na kwamba niliionea fahari nikiwa na harufu ya maziwa yaliyooza kwenye koo.

Kaka alivuka barabara kwenda kutafuta nyama ya kuchoma. Nikabaki na gari.

Taa huwezi kuikabidhi bila kuijaribu. Jua la Rodi saa saba ni kali, hata taa ya lori huioni vizuri, kwa hiyo nililisukuma gari ndani ya banda na kushusha turubai mlangoni. Nikageuza ufunguo. Nikabonyeza swichi.

Taa zikawaka kwa chini, na mwanga ukapanda ndani ya plastiki, na ile karatasi ya kahawia ikaanza kung'aa kwa mistari. Kumbe kioo kilikuwa kimechongwa. Niliona ukingo wa kitambaa cha kichwa. Nikaona shavu. Mkono wangu ukashika pembe ya karatasi na kuivuta yote kwa mara moja.

Alikuwa mama.

Picha yenyewe niliijua, maana niliipiga mimi, Krismasi, kwa simu yangu. Amevaa kitambaa chake cha kanisani, anacheka kwa sababu nilikuwa namwambia asicheke. Nilikuwa nimeituma kwenye kundi letu la familia. Sasa alikuwa amechongwa kwa mistari, na zile taa zilikuwa zimewekwa zijibadilishe zenyewe, kwa hiyo mama akawa kijani, akawa zambarau, akawa mwekundu, akarudi kijani, huku anacheka. Juu ya kichwa chake kulikuwa kumeandikwa Lala Salama Mama. Chini, mwaka wake wa kuzaliwa, kisha kistari, kisha nafasi tupu. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote, jina la utani la kaka, lile wanalomwita Nairobi.

Nikaitazama ile nafasi baada ya kistari. Ilikuwa imepimwa vizuri, inatosha tarakimu nne.

Nikatoka nje nikatema mate. Nikatema tena. Sijui kama nimewahi kumchukia mtu wa tumbo moja na mimi kama nilivyomchukia kaka pale, nikimwona anavuka barabara na nyama kwenye karatasi, anajilamba kidole.

Kwa wasiotujua, niseme. Kwetu hata ubao wa jeneza hauingii bomani mtu akiwa bado anapumua. Humpimi aliye hai. Hutaji mahali pake. Anayefanya hivyo anahesabiwa kama aliyekwenda kukiita kifo na kukionyesha njia, na ndugu wa mgonjwa wakijua, hawatakaa naye meza moja tena.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

Akatazama ndani ya banda. "Si nilikuambia usitoe karatasi."

"Hii ni nini?"

"Ni ya mama." Alisema kama mtu anayezungumzia kanga au kilo ya sukari. "Ile siku tutaenda kumchukua, gari yangu itatangulia mbele. Taa zimewashwa. Watu wote wanaona picha. Hakuna mtu Lambwe amefanya hivyo."

"Mama anakula samaki Homa Bay."

"Najua anakula. Mimi sijasema amekufa. Nimesema tukuwe tayari." Akaketi. "Yule fundi wa Migori aliyekichonga aliniambia watu huja wakiwa wamechelewa, msiba umeshaingia, kazi inaharibika. Ameacha nafasi. Hiyo mwaka ni dakika tano tu."

Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa sababu mengine yalimhusu mama aliyetuzaa sote. Nikamwambia ni mshenzi. Nikamwambia anauza mpaka mama. Alinisikiliza akitafuna polepole, kisha akaweka nyama chini, na uso wake wa kuuza viwanja ukamtoka.

"Wakati wa baba nilikuja na miguu," akasema.

Nilikumbuka. Wakati ule hakuwa na kazi, na hakutuambia. Mvua ilikuwa imefanya udongo wa Lambwe kuwa ule mweusi wa kushika kiatu na kukataa nacho, akatembea kutoka barabarani na mfuko wa nailoni kichwani. Alifika mwili umeshaingia bomani. Yeye, mtoto wa kwanza. Na baba yetu mdogo, aliyeshika kipaza sauti, akawatangazia waombolezaji kwamba mwenye boma sasa amefika, wampishe na mfuko wake. Watu walicheka.

"Hata wewe ulicheka," kaka akasema.

Nilicheka, kweli. Na hilo likanikasirisha zaidi. Nikarudi ndani, nikazima swichi. Mama akapotea kwenye plastiki, akabaki kama mikwaruzo.

Simu yangu ikalia hapo hapo. Namba sikuijua. Nikapokea, nikasikia pumzi, kisha sauti ya mama mwenyewe. Alikuwa ameazima simu ya muuguzi.

"Wameniruhusu," akasema. "Kuna mtu anataka hii kitanda leo jioni. Mkuje mnichukue."

"Leo, mama?"

"Kwani nyinyi mlikuwa na mpango gani?"

Kaka alikuwa amesikia. Tukaangaliana. Pikipiki yangu haikuweza kumbeba mama, miguu yake ilikuwa bado imevimba. Magari yaliyokuwa kwenye kiwanja changu yote yalikuwa yamefunguliwa, lile la miwa halina hata usukani wa maana. Gari zima lilikuwa moja tu, na mama angekaa mbele, na mimi lazima niende kwa sababu mtu mmoja hawezi kumnyanyua. Kwa hiyo viti vya nyuma vilitakiwa, na kioo kilikuwa lazima kitoke.

Nilichofunga kwa saa nne nilikifungua kwa dakika kumi. Nikamwambia kaka kioo kitabaki bandani, nitafunga kufuli. Akakataa. Alisema ananijua, akigeuza mgongo tu nitakivunja, na alikuwa ananijua sawasawa. Tukasema tukiweke buti. Mota ya paa ilikuwa imekufa zamani, akanifichulia sasa, paa limekunjwa humo ndani ya buti na limejaza nafasi yote. Basi akakizungushia blanketi lililokuwa garini, akakilaza kwenye kiti cha nyuma na kuniambia nikishike.

Hivyo ndivyo nilivyoenda Homa Bay nimempakata mama yangu aliyekufa, kwenda kumchukua mama yangu aliye hai. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu. Asikione. Mtu aliyepigania pumzi wiki tatu asijue kwamba wanawe walikuwa wamekwisha kumzika na kumwekea taa.

Tulimkuta kwenye benchi la nje, na mfuko wake wa nguo, na kikombe chake cha bati amekishika mkononi kana kwamba wangekiiba. Alikuwa amekonda mpaka shingo. Alilitazama gari kwa muda mrefu.

"Hii, kichwa yake iko wapi?" akauliza.

Kaka akacheka, akamwambia ni gari ya kuona dunia. Tukamwinua, tukamkalisha mbele. Kaka alimfunga mkanda polepole, akaukagua mara mbili, akampangusa mama vumbi kwenye kiatu kwa mkono wake. Ningependa kusema aliigiza. Hakuwa anaigiza, na mimi nilikaa nyuma na kioo magotini, nikimchukia hata kwa hilo.

Mwanzo wa barabara ulikwenda vizuri. Watu walikuwa wanasimama kutazama, na kaka anapiga honi, na mama, haki ya Mungu, mama akawa anawapungia mkono, mkono ule wenye plasta ya sindano. Akasema hajawahi kuona ziwa likiwa pana hivyo. Kisha tukaanza kuliacha ziwa, mawingu yakaja upande wa milima, na kaka akaongeza mwendo kwa sababu ya mvua. Upepo ukafanya kile nilichokueleza. Ukapita juu, ukazunguka, ukarudi ukampiga mama kisogoni.

Niliona mabega yake yakipanda. Akajikunja. Akakohoa, kile kikohozi cha mapafu yenye maji, na kila alipokohoa mgongo wake ulikuwa unagonga kiti.

"Nyathina," akasema bila kugeuka. Hivyo ndivyo anavyoniita, mtoto wangu. "Nipe hiyo blanketi."

Kaka alinitazama kwenye kioo kidogo cha dereva. Nikaona macho yake yameogopa.

"Imemwagikiwa na oili, mama," nikasema.

"Oili ni nini? Nimelala na dripu wiki tatu. Nipe."

"Imelowa kabisa. Itakupa ugonjwa tena."

Yaani nilimnyima mama yangu blanketi. Nilikuwa nalo mikononi, kavu, zito, linanuka sabuni, na yeye anatetemeka mbele yangu umbali wa mkono mmoja. Na kitu ambacho kingemkinga na upepo ule, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, nilikuwa nimekilalia kwa kifua nikikificha. Nikavua koti langu la kazi, lile la bluu lenye grisi ya miaka, nikamfunika nalo. Likanuka chini ya pua yake. Nilijisikia mchafu kuliko yale maziwa ya chini ya zulia.

Mama akalivuta mpaka kidevuni. "Harufu yako," akasema.

Ule waya wenye plagi ulikuwa umechomoza kwenye blanketi, upepo unaupeperusha unanigonga mkononi. Niliukunja nikaufinyia kwenye ngumi. Nzi mmoja aliniingia mdomoni, nikammeza, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Nilikuwa nahesabu vilima. Kimoja, cha pili, ule mteremko wa mbuyuni, daraja, halafu ile njia ya kwetu. Tukaingia bomani mvua bado haijaanguka, na mama alikuwa hajageuka hata mara moja.

Kaka akazima gari. Nikakisukuma kioo chini ya kiti, blanketi na yote, nikaruka nje. Tulikuwa tumemaliza. Kaka akanigusa bega, na kwa mara ya kwanza siku ile sikumtoa mkono. Tukamshusha mama. Akasimama katikati ya boma amejifunika koti langu, amewashika watoto wake wawili wa kiume, huyu huku na huyu kule, anavuta hewa ya kwake.

Kisha akatazama kando ya nyumba.

Baba amezikwa upande wa kulia, ukiwa umesimama mlangoni unatazama nje. Wanaume wetu ndiko wanakolala. Mke hulazwa upande wa kushoto. Ndizi nilizofyeka Jumapili ile zilikuwa upande wa kushoto. Udongo ulikuwa bado mweusi na laini, umesawazishwa, pembe nne, hauna hata jani moja. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri pale pia. Kama ni kunde, nilikuwa na siku nyingi za kuzipanda, na nilikuwa sijanunua hata mbegu.

Mama alitazama. Sikuwahi kuona mtu akitazama udongo hivyo.

"Nani amekata ndizi zangu?" akauliza.

Kaka akatazama udongo, kisha akanitazama mimi, na nikaona anaelewa. Aliuelewa upesi kuliko mtu yeyote mwingine angeuelewa.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilitaka tupande kunde."

"Mbona hujapanda?"

Nikasema nilikuwa na kazi nyingi. Akatikisa kichwa taratibu, kama anavyomfanyia mtu wa sokoni anayemdanganya bei.

"Ile ya katikati ilikuwa na mkungu," akasema. "Ulikuwa umebakisha mwezi mmoja."

Akaomba maji, akaingia ndani akitembea mwenyewe, ameshika ukuta. Sisi tukabaki nje kama watu waliofukuzwa. Mvua ikaanza, na gari la kaka halina paa, na hakuna aliyekwenda kutafuta turubai. Tulikuwa tunatazama viti vya ngozi vikijaa maji.

"Na mchana uliniita mshenzi," kaka akasema.

Nilikuwa naye sawa, ila yeye alikuwa ameacha nafasi ya kujaza, na mimi nilikuwa nimeshapima urefu na upana.

Kile kioo mama hajakiona mpaka leo. Kaka alirudi Nairobi na gari lake lenye unyevu, akakiacha kwangu, na sasa kiko bandani, kimeelekezwa ukutani. Siwezi kukitupa, ni uso wa mama. Kukivunja ndiko siwezi kabisa. Wakati mwingine natafuta kipande cha waya nyuma ya meza, mkono wangu unakigusa, na mate yananijaa mdomoni. Kaka hupiga simu kuuliza hali ya mama na hajawahi kukitaja.

Lakini asubuhi iliyofuata, kabla kaka hajaondoka, mama alitoka nje na kikombe chake cha bati, akataka kiti kiwekwe upande wa kushoto wa nyumba. Aliketi pale pale, miguu yake iliyovimba juu ya udongo niliosawazisha. Akanituma kwa jirani nikaombe machipukizi matatu ya ndizi. Nilipoyaleta akanionyesha kwa kidole mahali pa la kwanza, katikati, nikashika jembe.

Mvua ilikuwa imelainisha udongo. Nililima bila kuinua kichwa, kwa sababu alikuwa ananitazama. Nilitaka aone nafanya vizuri. Nikazidisha, nikazidisha, shimo likafika gotini, likapita, na jasho likawa linaniingia machoni, na kaka amesimama karibu na gari lake na funguo mkononi.

Mama akainama kwenye kiti, akachungulia ndani.

"Inatosha, nyathina," akasema. "Hiyo ni ya ndizi tu."